Kilicho Chini ya Meza ya Fundi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chaki alifagia chumba cha kazi cha baba yake. Jina hilo alipewa na wateja tangu akiwa anatambaa, kwa kuwa hakuweza kupita chini ya meza ya kukatia nguo bila kutoka na chaki shavuni. Sasa alikuwa darasa la sita, na jina lilikuwa limemganda. Mdogo wake, ambaye siku moja alimeza kifungo cha koti la mteja na kuitia nyumba nzima kiwewe, aliitwa Kifungo, naye aliitika bila kinyongo.

Chumba cha kazi kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Cherehani ilikaa dirishani, meza ndefu katikati, pasi ya mkaa kwenye kona. Juu ukutani kulikuwa na msumari mkubwa ambapo baba alitundika karatasi zake za kukatia. Zilikuwa karatasi nene za kaki, alizozichora kwa penseli na kuzikata kwa umbo la kola, mkono, mgongo na kifua cha shati. Fundi huitandaza karatasi juu ya kitambaa, akaizungushia chaki, kisha akakata. Karatasi za baba zilikuwa na sifa mtaa mzima, maana hata mtu mwenye kitambi au mabega yasiyolingana alitoka pale akiwa amependeza.

Chumba hicho kilikuwa na sheria zake. Kilicho juu ya meza ni cha mteja. Kilicho msumarini ni cha fundi, hakiguswi. Kilicho chini ya meza ni cha watoto. Ndiyo maana kila sikukuu ilipokaribia, baba alifunga kazi mapema, akakaa sakafuni na wanawe, wakatengeneza zawadi kwa mabaki: wanasesere wa vitambaa, mipira ya nyuzi, nyota za karatasi. Nyingine waliwagawia majirani. Mama alikuwa akiwatania kwamba yeye ana watoto watatu, na mkubwa wao ana ndevu.

Mwaka huu hakuna aliyetania. Wakati wa mvua baba alipatwa na kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi nao ukarudi kwa kusuasua, lakini mkono wa kulia ulikataa katakata. Siku nzima alikaa kitini karibu na cherehani, mkono umelala mapajani, akimtazama mama akifanya kazi. Mama alikuwa mshonaji hodari, ila kuchora hakujua. Hiyo siku zote ilikuwa kazi ya mumewe. Alikata kwa kufuata zile karatasi za kaki, na hizo ndizo zilizowaletea chakula.

Siku moja wakiwa wanakula, Kifungo aliuliza kama mwaka huu watatengeneza nyota. Baba alimwangalia, akautazama mkono wake, kisha akageuza uso ukutani. Mama alimwambia Kifungo amalize chakula chake. Chaki alilirudisha tonge sahanini. Alijiapiza moyoni kwamba nyota zitakuwapo, na kwamba baba atacheka tena hata kama ni mara moja.

Kesho yake mchana mama alikwenda kupeleka nguo kwa mteja, na baba alikuwa amelala chumbani. Chaki aliingia chini ya meza. Vitambaa vilikuwa vichache, kwa sababu siku hizi mama hakutupa hata kiraka. Lakini nyuma kabisa, penye mguu wa meza, alikuta mfuko uliojaa karatasi za kaki, safi, zimekunjwa vizuri. Alifurahi kama mtu aliyeokota embe njiani. Alipoitandaza ya kwanza, akaona mstari wa penseli umepinda taratibu kutoka pembe hadi pembe.

Mkono wake ulisita. Aliujua mstari ule. Lakini alijiambia kwamba kilicho chini ya meza ni cha watoto, na sheria ni sheria. Hakuinua macho kuutazama msumari. Alichukua mkasi.

Kazi ilinoga. Alimwita Kifungo, akaleta na sufuria ya gundi, yaani uji mzito wa unga wa ngano. Wakakata, wakakunja, wakabandika. Kifungo alipaka rangi kwa vipande vya chaki na mkaa, akajipaka na yeye pia. Jioni walipita kwa majirani. Mapacha wa fundi baiskeli walipata nyota. Binti mdogo wa muuza mkaa, aliyekuwa na homa siku nyingi, alipata ua kubwa lenye petali nyingi. Bibi anayefulia watu nguo alipata taji, akalivaa pale pale juu ya kilemba chake na kutembea kwa maringo. Kitu kizuri kuliko vyote, kisanduku kidogo chenye kifuniko, Chaki alikificha kwenye mkoba wa shule. Hicho kilikuwa cha baba.

Asubuhi iliyofuata mama aliinama chini ya meza, akatoa mfuko, akaukuta mtupu.

Ukweli ni kwamba mama alikuwa mfupi. Msumari ule ulipigiliwa na mtu mrefu kwa urefu wake. Baada ya kuchoka kupanda na kushuka kigoda kila anapotaka kola, mama alizishusha karatasi na kuziweka mfukoni chini ya meza, karibu na miguu yake. Hakumwambia mtu, na baba kitini alikuwa ameupa ukuta ule kisogo. Sasa alishika kichwa kwa mikono miwili. Alisema ni yeye, uvivu wake ndio uliomponza, bila shaka alizitupa pamoja na taka na mfuko ukabaki. Alimwomba Chaki asimwambie baba, maana moyo wa baba ungevunjika.

Chaki aliitikia kwa kichwa.

Walikwenda jalalani pamoja. Mama alifukua kwa fimbo, kisha fimbo ikamchelewesha, akafukua kwa mikono. Chaki alimshikia ndoo. Mpita njia mmoja aliuliza mama amepoteza nini. Mama alijibu bila kuinua kichwa, "Riziki." Chaki aliitazama mikono ile iliyozoea vitambaa safi, sasa imejaa majivu na maganda, na akatamani ardhi immeze. Hata hivyo hakusema. Aliogopa, na kila alivyozidi kunyamaza, kusema kulizidi kuwa kugumu.

Walirudi mikono mitupu. Mama alinawa, akaketi kwenye cherehani, asishone. Vitambaa vya watu vilirundikana mezani na sikukuu ilikuwa mlangoni. Baba, kutoka kitini kwake, aliuliza kwa nini cherehani imenyamaza. Mama alivuta pumzi, akaanza kusema kwamba kuna jambo amelikosea sana.

Hapo Chaki hakuweza tena. Alikimbilia mkoba wake, akarudi na kisanduku, akakiweka mapajani mwa baba, juu ya ule mkono usiosikia.

"Si mama," alisema. "Ni mimi. Nilizikata mimi."

Baba alikigeuza kisanduku kwa mkono wa kushoto. Kidole chake kilitafuta ukingo, kikaukuta mstari wa penseli, kikaufuata hadi ulipoingia kwenye mkunjo.

"Hili ni kwapa la shati la mwalimu mkuu," alisema, ulimi ukiwa mzito. "Bega lake moja limeshuka. Nilihangaika nalo mpaka nikaota."

Kisha machozi yalimtoka. Hakuyafuta, kwa sababu mkono uliokuwa mzima ulikuwa umeshika kisanduku. Chaki hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata siku ile aliporudishwa kutoka hospitalini. Kifungo, ambaye hakuelewa kitu, naye alianza kulia kwa sauti.

Mama hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu. "Umeniona nikifukua jalala kwa mikono yangu," alisema polepole, "na ukanishikia ndoo." Aliingia jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Usiku ule Chaki hakuguswa na mtu wala kukaripiwa. Alilala amejikunyata, na kila alipofumba macho aliiona ile ndoo.

Kulipokucha baba alimwambia jambo moja tu: azirudishe zote atakazoweza. Basi alitoka kwenda kudai zawadi alizokuwa amezitoa kwa moyo mweupe, na hakuna aibu kubwa kama hiyo. Mapacha wa fundi baiskeli walimwita mnyang'anyi, wakamrushia nyota zao miguuni. Binti wa muuza mkaa alikuwa amelala na ua lake kifuani. Alilikumbatia na kulia kimya kimya, kilio cha mtu asiye na nguvu. Chaki aliketi kando ya kitanda akamweleza kila kitu, bila kuficha, mpaka kwenye ndoo. Aliahidi kumletea mwanasesere kabla ya sikukuu. Yule mtoto alifikiri, kisha akaliachia ua, petali moja baada ya nyingine.

Kwa bibi mfuaji alichelewa. "Watoto walikuja kulicheza, likapasuka," bibi alisema kwa huzuni. "Leo alfajiri nikawashia moto. Nilidhani ni karatasi tu, mjukuu wangu."

Lile taji lilikuwa limetoka kwenye karatasi ya mkono wa shati, na ile ndiyo iliyomtesa baba kuliko zote alipokuwa akiichora.

Mama alikuwa hajamsemesha Chaki tangu jana, lakini alipouona mzigo ule wa vipande, alivuta kigoda. Walilowesha gundi kidogo kidogo, wakaibandua, wakanyoosha kila kipande kwa pasi ya vuguvugu. Kisha wakavipanga juu ya shuka kuukuu na kuvibandika upya. Kisanduku cha baba nacho kilifumuliwa kikarudi kuwa kwapa. Kola ilijaa viraka mpaka mama akasema inafanana na mpira wa mtaani, na hapo ndipo Chaki alipojua kwamba ameanza kusamehewa. Mkono pekee ndio uliokosekana.

Baba aliomba penseli. Alijaribu kwa mkono wa kushoto juu ya karatasi mpya. Mstari ulikwenda arijojo. Alijaribu tena, ukawa mbaya zaidi. Aliiweka penseli mezani.

"Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana," alisema. "Kumbe hauchori shati vilevile. Chaki, njoo hapa."

Walitandaza shati kuukuu la baba mwenyewe, wakapima bega na urefu wa mkono. Chaki alishika penseli. Baba alimshika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, akawa anasema: panda, sasa polepole, hapo usiharakishe, nyama ya bega inataka nafasi. Walifuta na kuanza upya mara nyingi. Chozi la Chaki lilidondokea karatasi, naye baba akamwonya kwamba karatasi iliyolowa haichoreki, kama anataka kulia asogee kando kwanza. Alijaribu kutabasamu. Upande mmoja tu wa mdomo ulimtii.

Mkono wa kwanza ulitoka mwembamba, mteja hakuweza kukunja kiwiko. Mama aliufumua. Karatasi ya pili ilikubali. Hata hivyo muda ulikuwa umewatupa mkono, na wateja kadhaa walikuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijakatwa. Mama aliwaomba radhi mmoja mmoja mlangoni, naye Chaki alisimama kando yake akasikia kila neno. Sikukuu hiyo nyumbani hawakuwa na nguo mpya, na sufuria ilikuwa ndogo. Chaki aligeuza gauni lake la zamani kuwa mwanasesere, akampelekea binti wa muuza mkaa kama alivyoahidi.

Asubuhi ya sikukuu mama alichukua nyundo, akapigilia msumari mwingine ukutani, chini ya ule wa zamani, kwa kimo chake. Baba alimwita Chaki.

"Sheria ya meza niliiweka mimi," alisema, akipumzika kati ya maneno. "Mama yako naye alihamisha vitu bila kutuambia, na amekiri. Lakini ulipouona ule mstari wa penseli, moyo wako ulikuuliza swali, nawe ukaunyamazisha. Kutoa ni vizuri, mwanangu, ila uliza kwanza unachotoa ni cha nani. Hilo nilikusamehe siku ile ile. La jalalani ndilo lililoniuma. Karatasi zinabandikwa. Mtu uliyemwacha abebe kosa lako, ukimtazama, huyo unambandika na nini?"

Chaki alikwenda alipokuwa mama, akapiga magoti, akaishika mikono yake. Mama alimvuta kifuani, na wote wawili wakalia.

Kifungo, aliyekuwa akizihesabu zawadi za watu kichwani, aliuliza kwa nini baba hana yake.

Baba aliomba aletewe karatasi mpya ya mkono. Aliitandaza mapajani, akapitisha kidole juu ya mstari, akakiacha pale ulipotetemeka.

"Yangu ni hii," alisema. "Haya, kaitundike."

Chaki aliitundika kwenye msumari mpya. Hakuhitaji kigoda.