Mluzi wa Gari Lililozimwa

Gari limezimwa, ufunguo uko msumarini jikoni, na bado linapiga mluzi. Jirani yangu Rasema aliusikia saa kumi jioni, pale kwao mjini Zenica. Akadhani ni birika. Birika, mwenzangu! Birika lenyewe liko kabatini, kavu.

Mumewe, Senahid, tangu wamzike mama yake mwezi wa tatu hajatoa chozi hata moja. Anashinda gereji, chini ya nyumba. Kigari chake cha dizeli kilikuwa kizima, ila yeye anataka kiruke: akakifungia turbo kubwa, ile feni ya kusukumia injini hewa, aliyoing'oa kwenye gari la ajali, akaweka nozeli nene za kupulizia dizeli, akapandisha presha. Haya, mwanamume na gari lake, nani amzuie? Kosa lake moja tu. Presha alipima kwa sikio. Turbo ikipiga mluzi, naye anaujibu kwa mdomo, sauti ileile, tena magharibi! Huku kwetu hata mtoto anajua saa hiyo hupigi mluzi, unaita wasioonekana.

"Unamwita nani wewe?" Rasema akamkemea.

"Naita nguvu za farasi mia mbili!"

Sote tulicheka. Mie ndiye niliyecheka zaidi, ulimi wangu ukatwe.

Ikaja harufu ya nywele zinazoungua, kwenye mito ya kulalia, kwenye mkate. Halafu siku moja Rasema akashuka gereji kumwita mumewe aje kula, akamkuta ameinamia injini inayounguruma, kiganja kimetulia juu ya turbo iliyoiva nyekundu kama kaa, moshi unapanda kati ya vidole, naye anageuka taratibu, uso hauna kitu, anauliza, "Umeunguza nyama?"

Akaitwa Bibi Hasnija, yule anayeyeyusha madini ya risasi kuwatibu watu walioingiwa na hofu. Akamfunika Senahid shuka, akashika bakuli la maji juu ya kichwa chake, akamimina humo risasi iliyoyeyuka. Chwaa! Ikaganda umbo la sikio. Chini kule, mluzi ukaanza.

"Hayumo garini," Bibi akanong'ona. "Yumo humu kifuani mwako. Ulimjibu, mwanangu, akajua kakaribishwa. Mwambie toka, mara moja tu, atatoka. Ila yote aliyokuzuilia yatakurudia kwa mpigo."

"Sema, mume wangu," Rasema akamsihi. "Sema toka, basi."

Senahid akatazama mkono wake uliofungwa kitambaa. "Mkono utauma?"

"Utauma."

"Na mama?"

Bibi akashusha pumzi. "Na mama."

Senahid akavua shuka, akalikunja vizuri.

"Mwacheni humu," akasema. "Hapa nilipo hapaumi."

Bibi Hasnija hakubishana. Aliokota vyombo vyake, akavaa viatu mlangoni. Rasema akamrukia mumewe, akamzaba kofi, akamzaba la pili, la tatu, huku analia na kumwita jina, na Senahid akawa anamtazama kwa adabu tu, kama mgeni anayengoja kuambiwa akae wapi.