Injini Yetu Haijafa

Mume wangu Toivo alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi ya baridi, kabla hata ya kunywa kahawa, alivaa kofia ya manyoya, akatoka uani, akawasha gari. Aliliacha lingurume dakika tano. Kisha akalizima na kurudi ndani, mashavu mekundu, amefurahi.

"Gari la zamani lisipowashwa linakufa," alisema.

Nilimwamini. Yeye ndiye aliyelijua gari. Lina miaka thelathini na minne, na tulilinunua likiwa jipya. Injini ni ya petroli, ya lita mbili. Ina silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, na kabureta. Kompyuta haimo. Toivo huzitaja sifa hizo kwa mgeni yeyote, aombwe asiombwe.

Tunaishi Kainuu, mkoa wa kaskazini wenye theluji nyingi, nyumba ya mwisho kabla ya ziwa. Dukani ni kilomita tatu. Basi la kijiji lilifutwa. Kwa hiyo asiye na gari huku hana lake, ahamie mjini tu.

Mwezi wa pili baridi ilikaza, digrii thelathini chini ya sifuri. Siku moja tuliporudi dukani, niliona theluji chini ya gari imekuwa nyeusi. Toivo akafungua boneti. Lo! Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimechomoka mahali pake, na oili imetapakaa kila mahali. Akafungua kifuniko cha kujazia oili. Ndani yake kulikuwa na ute mweupe, mzito kama mtindi.

"Hilja," akaniita kwa sauti ndogo. "Njoo uone."

Tukampigia simu fundi wa mjini, bwana mmoja aitwaye Sahlman. Alikuja, akakitazama kile kifuniko mara moja tu. Hakuvua hata glovu.

"Gasketi ya hedi imekwisha," akasema. "Maji yameingia kwenye oili. Injini ya umri huu haifai kutengenezwa, mzee. Ijumaa nitakuja kulichukua gari kama chuma chakavu."

"Umepima?" nikamuuliza.

"Mama, ute mweupe ni ute mweupe."

"Sikukuuliza rangi. Nimekuuliza, umepima?"

 Alimwachia Toivo karatasi ya kutia sahihi, ya kukubali gari lichukuliwe, akaenda zake.

Jioni Jouni akapiga simu. Jouni ni mwanetu, anakaa Kajaani mjini, na Toivo alikuwa amemweleza habari za gari.

"Mama, hii ndiyo nafasi," akasema. "Nimewapatia fleti. Ghorofa ya nne, ina lifti. Ijumaa mnakuja kusaini, nitakuja kuwachukua."

"Lifti ya nini? Mimi nina ziwa."

"Mama, gari limekufa! Mtaishije huko porini?"

Nikamtazama Toivo. Alikuwa amekaa mezani, kahawa imepoa mbele yake.

"Labda wanasema kweli," akanong'ona. "Labda wakati umefika."

Hapo nikawaka. Nimeishi na mtu huyu miaka hamsini. Sijawahi kumsikia akiongea kama mtu aliyekwisha kuzikwa. Nikasema moyoni, hapana, simwachii mtu yeyote nyumba yangu kwa sababu ya kifuniko!

Asubuhi nikaenda kwa jirani yetu Orvokki Kemppainen. Orvokki ana miaka sabini na moja. Kwa miaka thelathini alitengeneza magari ya kusafisha theluji barabarani. Mdomo wake ni mkali kuliko wangu, na hilo si jambo dogo.

"Nani amesema injini imekufa?" akauliza.

"Sahlman."

"Alipima?"

"Hata glovu hakuvua."

Orvokki akacheka mpaka akakohoa. "Basi akikukuta umelala atakutangaza marehemu. Ngoja nichukue spana zangu."

Tulisukuma gari kwenye banda letu. Orvokki akachomeka waya wa umeme unaopasha injini, tukasubiri saa mbili ipate joto. Huku tukisubiri, akamhoji Toivo.

"Maji ya rejeta yamepungua?"

Toivo akatazama. "Hayajapungua."

"Yana oili juu yake?"

"Hayana."

"Injini imewahi kuchemka?"

"Hata siku moja."

"Sasa nisikilizeni," akasema Orvokki. "Gasketi ya hedi ni kitu chembamba. Inakaa kati ya injini na kichwa chake. Inazuia maji, oili na moto visikutane. Ikitoboka, mara nyingi maji hupungua na injini huchemka. Au silinda hupoteza nguvu. Ninyi hamna hata dalili moja ya hizo, ila ute. Haya, tuziulize silinda zenyewe."

Akafungua plagi zote nne, akazipanga mezani. Zilikuwa kavu, zenye rangi ya udongo. "Hizi ni plagi za injini iliyo nzima," akasema. Kisha akakaza kipimo cha mgandamizo, kinachoonyesha nguvu ya kila silinda, kwenye tundu la kwanza.

"Hilja, keti. Kanyaga mafuta mpaka mwisho, uzungushe ufunguo."

Mimi? Leseni nilikuwa nayo tangu ujana, lakini sikuwa nimewahi kuligusa gari hilo zaidi ya kulipangusa. Nikakanyaga. Nikazungusha.

"Kumi na moja!" akasoma Orvokki. Akahamia tundu la pili. "Kumi na moja. Kumi na nusu. Kumi na moja. Zinakaribiana. Kama gasketi ingetoboka kwenye silinda, namba moja au mbili zingeanguka. Injini hii haijafa, na aliyesema imekufa alikuwa na haraka ya kwenda kula."

Nilishuka garini nikicheka. Lakini Toivo alikuwa bado amekunja uso.

"Basi ute umetoka wapi?"

"Unaendesha mpaka wapi siku hizi?"

"Dukani tu. Zamani nilikwenda kazini, kiwanda cha mbao, kilomita sitini kila siku. Nimestaafu."

"Na asubuhi?"

"Nalipasha moto dakika tano. Kila siku, sikosi."

"Halafu unazima?"

"Ndiyo."

"Basi Toivo, mwenye kosa ni wewe."

Toivo alisimama. "Mimi! Gari hili nimelitunza kuliko mwili wangu!"

"Umelitunza, ndiyo, na utunzaji huo ndio unaoliua. Keti." Orvokki hakupandisha sauti. "Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji. Umeuona ukitoka kwenye bomba la moshi. Mvuke mwingine unapenya mpaka chini, kwenye oili. Injini ikipata moto wa kutosha, mvuke huo unatoka kwa bomba dogo la kupumulia. Lakini dakika tano katika baridi hii hazitoshi. Oili bado baridi. Mvuke unageuka maji, maji yanachanganyika na oili, na huo ndio ute wako. Kila asubuhi ulikuwa unaongeza maji kidogo."

Toivo akaketi. Nilimwonea huruma, jamani. Mtu anaamka kwenye kiza na baridi kwa mapenzi, kumbe anaharibu.

Orvokki akachomoa bomba la kupumulia. Lilikuwa jembamba kama kidole changu. Akaligonga mezani. Kipande cha ute wa kahawia, katikati yake barafu, kikadondoka.

"Injini imezibwa pua," akasema. "Hewa ya ndani haina pa kutokea. Inasukuma oili, inachomoa kijiti, inatafuta popote penye udhaifu. Hiyo ndiyo oili uliyoiona kwenye theluji. Ungeendelea hivi, ungeharibu sili zote, mipira inayozuia oili isivuje."

Alilisafisha bomba kwa mafuta ya taa, akalipuliza kwa mdomo mpaka hewa ikapita. Tukamwaga oili yote. Ilitoka na rangi ya kahawa ya maziwa. Orvokki akatafuta cha kupangusia mikono, akaichomoa ile karatasi ya Sahlman mfukoni mwa koti la Toivo.

"Mnaihitaji hii?"

"Hatuihitaji," akajibu Toivo, kabla sijafungua mdomo. Nilifurahi kuisikia sauti yake.

Tukatia chujio jipya na lita nne za oili mpya. Kisha Orvokki akauliza, "Mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini?"

"Kilomita elfu thelathini zilizopita. Bado mpya."

"Nimekuuliza lini."

Toivo akahesabu kwa vidole. "Miaka kumi na miwili."

"Hee! Mkanda huo ni mpira, ndio unaofungua na kufunga valvu za injini, na mpira unazeeka hata gari likisimama. Ukikatika njiani, injini inazimika hapo hapo, na baadhi ya injini zinavunjika valvu." Alhamisi akaweka mkanda mpya.

Ijumaa asubuhi Sahlman akaja na gari lake la kuvuta. Alitukuta uani, boneti imefungwa, injini inanguruma, hakuna tone la oili chini.

"Mmeweka injini nyingine?" akauliza.

"Ile ile," nikasema. "Tumeipima. Jaribu na wewe siku moja, haiumi. Ukivua glovu utaona ni rahisi zaidi."

Akaondoka na gari lake tupu. Kisha nikampigia Jouni asije, nikamwambia tunakuja wenyewe. Tuliendesha mpaka Kajaani, kilomita tisini, bila kuzima. Jouni alikuwa akitusubiri mlangoni pa ofisi ya nyumba. Alipotuona tukishuka, alilitazama gari, akatutazama sisi.

"Hatusaini," nikasema.

"Mama! Injini ya miaka thelathini na minne!"

"Baba yako ana sabini na sita. Naye nimpeleke kwa Sahlman?"

"Mnanitia wasiwasi tu," akasema, na niliona kweli ana wasiwasi. "Na likifa kweli siku moja?"

Toivo ndiye aliyemjibu. "Mwanangu, likifa tutajua, kwa sababu tutakuwa tumepima. Siku hiyo tutakuja kuongea na wewe. Leo bado."

 Jouni akaingia ofisini peke yake, akawaambia wampe fleti mtu mwingine.

Tulipofika nyumbani Toivo alikifungua kifuniko cha oili. Kilikuwa safi.

Sasa Toivo haliwashi gari bure. Kukiwa na baridi kali, anachomeka waya wa kupasha saa mbili kabla ya safari. Tukiwasha tunaondoka papo hapo, polepole mpaka injini ipate moto. Kila Jumatano tunaendesha kilomita arobaini kwa dada yangu, ambaye nilikuwa nimemwona mara mbili tu tangu Toivo astaafu. Kwenda naendesha mimi, kurudi anaendesha Toivo. Na anayetaka kutuhamisha huku ziwani aje na kipimo mkononi.