Mashahidi wa Kimeli

"Geuza simu. Nionyeshe huyo aliyecheka."

"Ni darasa, Kimeli. Watu wanacheka tu."

"Nimesema geuza simu, Fancy."

Nikageuza. Nilikuwa juu ya ngazi kwenye karakana ya chuo chetu cha ufundi, hapo Kericho mjini, nikivuta waya wa taa. Nikaizungusha ile simu polepole aone kila kitu: mabenchi, bodi za swichi, wanaume. Darasa letu la stima lilikuwa na wanaume arobaini na wasichana watatu, na wale wenzangu wawili siku hiyo hawakuja.

"Na huyo ameshika ngazi?"

"Anaitwa Gordon Obiero. Ameshika nisianguke."

"Mwambie aache."

"Nitaanguka."

"Basi shuka."

Nikashuka. Gordon akaniangalia, mkono bado uko kwenye ngazi. Ni kijana wa Kijaluo; baadaye nilikuja kujua kwamba alizaliwa hapa hapa, na baba yake anafanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai. Mpole, na anapenda kuimba akifanya kazi ingawa sauti hana.

"Kwani kuna shida?" akauliza.

"Gordon, usinisaidie tena. Hata salamu uache, ukiweza."

"Nimekukosea wapi?"

"Hujanikosea. Niko na mchumba."

Akacheka akidhani natania. Alipoona mimi sicheki, akatoa mkono kwenye ngazi na akaenda benchi la mwisho.

Sasa kabla hamjaanza kunihurumia, niwaambie ukweli. Sikuumia. Watu wakisikia haya huniuliza, "Fancy, ulivumilia aje?" Kuvumilia ni kwa mtu anayesikia uchungu. Mimi nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya kanisani na mhubiri hataki kumaliza. Nilikuwa naambiwa shuka, nashuka. Nyamaza, nanyamaza.

Kimeli alikuwa anasomea ualimu upande wa Chepseon. Kwao ni Chebunyo, kwetu ni Silibwet, na tulijuana kwenye kongamano la vijana wa kanisa. Mrefu, ana sauti nzuri, anajua kuongea na wazee. Chuo chao kilikuwa kinyume cha chetu kabisa: wasichana mamia, na wanaume hawatoshi hata timu ya mpira. Siku moja nikamuuliza:

"Na wewe huko na wasichana wote hao?"

"Hao ni kama dada zangu. Shida si mimi, Fancy, shida ni wanaume. Mimi ni mwanaume, nawajua. Na wewe ndio unaishi katikati yao."

Nikaona ina maana. Hiyo ndiyo inanishangaza mpaka leo, kwamba niliona ina maana.

Meseji zake zilikuwa hivi:

"Uko wapi?"

"Darasani."

"Umekaa na nani?"

"Peke yangu."

"Piga picha."

Napiga picha ya kiti kitupu, natuma. Nikawa nakula peke yangu, nabeba ngazi peke yangu, nafanya mazoezi ya mita za stima peke yangu wakati wengine wako wawili wawili. Mwanzoni vijana waliniita Mke wa Mtu. Baadaye wakaacha kuniita chochote, mtu akipita ananizunguka kama meza. Nikajiambia si kitu, nikiolewa itaisha.

Mwezi wa nane kwao wakaomba koito. Kwa asiyejua, koito ni ile siku wazee wa kijana wanakuja kwa akina msichana kuongea rasmi. Mkikubaliana, ng'ombe wanatajwa, mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, yananywewa, na kuanzia hapo wewe ni wao. Kwa ukoo wetu haivunjwi tena. Shangazi yangu alijaribu, na baba yake hakumsemesha mpaka akaingia kaburini. Kwa hivyo nilijua nikiitikia siku hiyo, nimeitikia maisha yangu yote.

Wiki ile Kimeli akapiga simu.

"Nani wanakuja upande wenu?"

"Jamaa zangu, watu wa kanisa, na wale wa darasa langu. Wamesema watakuja kunisindikiza."

"Wale wanaume?"

"Ndio darasa langu, Kimeli. Sina lingine."

"Wanaume arobaini kwenye boma lenu siku ya koito yangu? Watu watasema nini juu yako? Wakatalie."

Nikamwandikia Gordon, kwa sababu ndiye alikuwa msimamizi wa darasa: "Msikuje Jumamosi. Samahani."

Akajibu: "Sawa. Walikuwa wamefurahi, lakini sawa."

Jumamosi hiyo baba hakuchuma majani chai. Mama na majirani walikuwa jikoni tangu alfajiri. Mimi nilikaa chumbani na nguo mpya, nikichungulia dirishani. Anko wangu Hezekiah, ambaye ndiye angeongea kwa niaba ya ukoo, alikuwa anatembea uani akifanya mazoezi ya maneno yake.

Gari la kwanza likaleta wazee wa Kimeli, wakiongozwa na mjomba wake, Mzee Kipchirchir. La pili likafunguka mlango, na akashuka msichana. Halafu mwingine, na mwingine. Wamejipaka, wamevaa sare ya kitenge. Kimeli akashuka mwisho, katikati yao.

"Ai!" mama akasema jikoni. "Wavulana wako wapi?"

Msinicheke, hili ni jambo kubwa kwetu. Siku ya koito, vijana wa rika la bwana harusi husimama mbele ya wazee wakamshuhudia: tunamjua, tabia yake ni hivi, kazi yake ni hivi. Na Kimeli, baada ya miaka kwenye chuo kile, hakuwa na rafiki wa kiume hata mmoja. Wanaume wachache waliokuwa kule walikuwa wanachukiana, kila mmoja analinda eneo lake. Basi akaleta mashahidi aliokuwa nao. Nadhani hata hakuona kama kuna kitu kibaya.

"Hawa ni klasimeti zangu," akamwambia Anko. "Ndio marafiki wangu."

"Karibuni wote," Anko akasema, lakini nilimwona akiangalia lile gari tena, labda kuna mvulana amesahauliwa ndani.

Chai ikaletwa uani, mbele ya dirisha langu. Nyanya yangu, mama mzaa baba, ambaye sisi tunamwita Kogo, alikuwa amekaa mbele kabisa na shuka yake magotini. Kogo haongei sana. Anaangalia.

Msichana mmoja, Eucabeth, akachukua kikombe cha Kimeli, akatia sukari vijiko vitatu, akakoroga, akampa. Hakuuliza. Wa pili, Joan, akakichukua tena, akaimwaga chai kwenye kikombe kingine na kuirudisha mpaka ikapoa, kwa sababu Kimeli hawezi chai moto. Wa tatu akamvua koti na kulikunja vile analipenda, bitana nje. Wa nne akatoa maganda ya mkate pembeni na kumpa sehemu laini. Na Kimeli alikuwa anaongea na wazee wakati huo wote, anapokea tu, hata haangalii ni mkono wa nani.

Mimi nilikuwa mchumba wake na sikujua kwamba hali maganda.

Anko Hezekiah akasimama. "Kabla hatujatajiana ng'ombe, rika la kijana lisimame litushuhudie."

Wasichana wakaangaliana. Wakasimama.

"Mnamjua huyu kijana?"

"Tunamjua," wakaitikia, kama kwaya.

"Tabia yake?"

Mmoja akaanza kucheka, akajiziba mdomo.

Kogo akainua mkono. "Hezekiah, kaa. Wewe mwenye sukari, mwanangu, unaitwa nani?"

"Eucabeth, Kogo."

"Ulijuaje ni vijiko vitatu?"

"Nampikia chai, Kogo."

"Kila siku?"

"Hapana. Jumatatu na Jumanne."

"Na Jumatano?"

Eucabeth akamwangalia yule wa koti. Yule wa koti akainama.

"Nimeuliza Jumatano ni ya nani."

"Kogo, kule kwetu wanaume ni wachache," Eucabeth akasema, na sauti yake haikuwa na aibu, ilikuwa imechoka tu. "Ukisema unataka wako peke yako, utakaa bila. Kwa hivyo ni zamu."

"Woi!" mama akalia kutoka mlango wa jikoni.

"Anatania!" Kimeli akaruka juu. "Wazee, huyu anatania. Hawa ni kama dada zangu!"

"Dada?" Huyo alikuwa Joan. Machozi yalikuwa yameanza. "Mimi ni dada yako, Kimeli? Uliniambia hii koito ni wazazi wamekulazimisha. Uliniambia itakufa yenyewe."

Mzee Kipchirchir akafunika uso na kofia yake.

Kogo hakupandisha sauti. "Sikilizeni, wasichana. Sisi hatuna ubaya. Wazee wako hapa, chakula kimeiva. Kama kuna mmoja wenu anamtaka huyu, asimame kando yake, tuimalize leo."

Hakuna aliyesogea. Kimeli akamwangalia Joan. Joan akaangalia chini. Akamwangalia Eucabeth.

"Eucabeth, sema kitu!"

"Niseme nini?" Eucabeth akageuka, akatazama uani: binamu zangu wamejipanga kwenye ukuta, vijana wa kanisa wanabeba viti, madereva wanaongea karibu na ua. "Kogo, nisamehe. Kule chuoni tunampigania mpaka tunakosana. Lakini hatumtaki hivyo. Ni vile tu kule hakuna wengine."

Nikatoka chumbani. Si desturi msichana kutoka kabla hajaitwa, lakini miguu ilinitoa. Kila mtu akanigeukia, na Kimeli akaniona, na badala ya kuniomba msamaha akaninyooshea kidole.

"Na huyu je? Mbona hamumuulizi huyu? Ana wanaume arobaini huko Kericho!"

"Ni kweli," nikasema. "Wako arobaini."

"Mnasikia?"

"Na sijui hata mmoja nyumbani kwao ni wapi. Sijui nani ana mtoto, nani alifiwa. Ulinikataza kuongea nao nikanyamaza. Uliniambia nishuke ngazi nikashuka. Kimeli, umeniacha peke yangu katikati ya watu arobaini, na wewe ulikuwa unapozewa chai."

Akateremsha kidole.

Anko Hezekiah akaniuliza kwa upole, "Mama, tuendelee?"

"Hapana, Anko. Nimekataa."

Nilingoja nisikie kitu. Furaha, hasira, hata aibu. Sikusikia chochote. Nilisikia tu kuku nyuma ya jikoni.

Wazee wa Chebunyo waliomba msamaha kwa heshima, wakaondoka bila kugusa nyama. Kimeli akawafuata, akaingia gari lao bila kuaga. Wasichana wakabaki, hawajui waende wapi. Mama akawaangalia, akapangusa mikono.

"Si mkae mkule? Mnaangalia nini?"

Wakakaa. Joan akaja kando yangu na sahani yake.

"Unanichukia?" akauliza.

"Sijui. Nikijua nitakuambia."

"Mimi nilidhani ananipenda."

"Hata mimi."

Tukala. Hakuhama.

Jumatatu nikarudi chuoni. Nikaingia karakana asubuhi, wote walikuwa ndani, wameanza kazi. Nikasimama mlangoni.

"Habari zenu," nikasema.

Hakuna aliyeinua kichwa. Si kwa ubaya. Mmoja aliendelea kukata paipu, mwingine akapita na waya begani, akanizunguka. Walikuwa wamezoea kwamba mimi siongei nao, na hawakufikiri ile salamu ni yao.

Nikarudia. "Jamani, habari zenu."

Msumeno ukanyamaza. Gordon akageuka pale benchi la mwisho, akaangalia nyuma yangu kama kuna mtu mwingine ameingia, halafu akaniangalia mimi.

"Umesema na sisi?"

"Nimesema na nyinyi."

Hapo ndipo nililia. Nililia mpaka nikaketi sakafuni kati ya vipande vya waya, mbele ya wanaume arobaini, na hakuna hata mmoja aliyejua aanzie wapi kunituliza, kwa sababu hakuna aliyenijua.