Sauti Iliyoitika Mpungani

Jioni ile ndege waliondoka kwenye shamba la Gratien kabla hajapiga kelele. Waliinuka wote pamoja, wakapita juu ya mfereji, wakaenda zao upande wa Burundi, na mpunga ukabaki kimya. Mtu mwingine angeshukuru. Ulikuwa msimu wa kuamia ndege, mpunga umeanza kutia maziwa, na watu wa Bwegera walikuwa wakishinda mashambani wakigonga mabati na kupasua koo. Gratien hata hakuwaona. Alikuwa juu ya ulingo wake wa miti, ameinua simu juu ya kichwa, anatafuta rezo, mtandao wa simu.

Kote nyumbani na shambani kwake, simu ilishika pale juu ya ulingo tu. Kila jioni alipanda kungoja sauti ya binti yake Kaneza, polisi katika kituo kimoja mjini Uvira, na Kaneza alisema maneno yale yale: "Papa, niko muzima." Basi. Mzee alishuka, akala, akalala. Siku ambayo simu haikuja, hakula wala hakulala. Majirani walimtania kwamba serikali imeajiri polisi wawili kwa mpigo, mmoja anavaa tenue, sare ya kazi, na mwingine anakesha. Gratien alicheka nao, lakini hofu yake haikuwa ya mchezo. Mkewe alikwisha kufa, na mtoto alikuwa huyo mmoja. Siku Kaneza alipokuja kujionyesha amevaa sare ya buluu, baba yake alimsifia vizuri, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia peke yake.

Mchana wa siku ile ndege walipoondoka mapema, mwendesha pikipiki mmoja alikuwa ameleta habari kutoka mjini: risasi zimelia karibu na soko, polisi mmoja amekufa. Jina hakulijua. Hakujua hata kama ni mwanamume au mwanamke.

Pale ulingoni Gratien alipiga simu mara nyingi, na mwishowe ikapokelewa. Akasikia makelele, upepo, kitu kinakwaruza. Akapiga ukelele kwa nguvu zake zote, "Kaneza! Kaneza we! Kaneza!"

Sasa, katika mashamba ya Bwegera kelele zote zinaruhusiwa. Watu huwatukana ndege, huimba nyimbo za kanisa, hulaani wakubwa wa Kinshasa, na hakuna anayewauliza kitu. Kinachokatazwa ni kimoja: kuita jina la mtu aliye hai jua likianza kuzama. Hata watoto wanaokwenda kuamia huitana kwa miluzi. Gratien alilijua katazo hilo tangu utotoni na hakuwahi kulivunja. Lakini alidhani anazungumza na simu.

Simu ilikatika. Jibu lilitoka chini yake, ndani ya mpunga.

"Karame, Papa."

Ilikuwa sauti ya Kaneza, ile ya kuitika vizuri. Kwa Warundi wa bondeni, mtoto aliyelelewa akiitwa na mzazi wake huitika "karame", ndiyo kumwombea aishi sana. Gratien alishuka, akapita kati ya majaruba akitenganisha mpunga kwa mikono. Hakuona mtu. Maji yalikuwa yametulia na yalinuka udongo uliooza.

Akapanda tena ulingo mbiombio, na baadaye kidogo simu ililia.

"Papa, niko muzima. Ile risasi, minye sikukuwa kule. Uliniita, rezo ikakatika."

Gratien alimshukuru Mungu, akalia, akacheka, na ile sauti ya shambani akaisahau. Furaha ilimsahaulisha.

Kesho yake, jua likizama, viatu vizito vilisikika uani. Gratien alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamkuta Kaneza amesimama mlangoni, na tenue yake imelowa kutoka kofia hadi miguu.

"Mutoto wangu! Bamekupatia ruhusa? Juu ya nini hukuniambia? Na maji hii yote, mvua imekupigia wapi?"

Kaneza alitabasamu tu. Aliingia, akakaa kwenye kiti cha marehemu mama yake, akaweka mikono mezani. Baba alimtengea bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, akawasha taa, akampa kitenge ajifunike. Alimwona amechoka na akamwonea huruma. Harufu ya maji ya mfereji iliingia naye ikajaa nyumba, lakini mtu aliyemngoja mtoto wake vile hatamuuliza habari ya harufu.

"Kula, mama. Nitarudia sasa hivi, nimesahau bati yangu kule ku shamba."

Alikwenda akipiga mluzi. Alipofika juu ya ulingo na kuinama kuchukua lile bati, simu ikalia mfukoni.

"Papa, niko muzima."

Kutoka pale juu Gratien aliiona nyumba yake vizuri, dirisha lina mwanga wa taa, na ndani ya dirisha kichwa chenye kofia ya polisi kimekaa wima mezani mbele ya chakula, hakili, hakitikisiki, na sikioni mwake Kaneza alikuwa akimwambia kwamba leo Uvira kuna joto, kwamba wamepewa komanda mpya, kwamba amenunua samaki, mukeke wa kukaanga, na amewaza kumletea, na kila neno lilikuwa lake, na kicheko kilikuwa chake, na kule dirishani kile kichwa kikageuka polepole kuelekea ulingo kana kwamba nacho kinasikiliza maongezi.

"Papa? Juu ya nini unapumua vile?"

"Sina kitu," alinong'ona. "Lala muzuri, mutoto wangu."

Taa ya nyumbani ikazimika. Halafu akasikia viatu vinaingia majini, vinakuja kwenye mpunga, taratibu, na ile sauti tamu ikisema, "Papa, niite."

Alikimbia kupitia upande wa pili, akaanguka mferejini, akainuka, hadi nyumbani kwa Generose, dada wa marehemu mkewe. Generose alikuwa akitoa mashetani kwa majani na rozari kwa pamoja, jambo ambalo padri wa parokia alimgombeza kwalo kila Pasaka, na baada ya Pasaka watu waliendelea kuja. Alimsikiliza shemeji yake bila kumkatiza. Kisha akafunga mlango.

"Uliita jina yake mu mupunga?"

"Niliita mu simu."

"Simu haina masikio, Gratien. Ile kintu iko nayo." Aliteremsha sauti. "Iko mu maji tangu zamani, mbele babu zetu bakuye huku. Haina jina. Kintu bila jina haiwezi kuingia mu nyumba ya muntu. Sasa umeipatia ya mutoto wako."

"Inataka nini?"

"Inataka uite tena. Ukiita, inaitika. Ikiitika mingi, mwisho mutoto wako njo atakuwa hana jina."

Asubuhi Generose alikwenda kule nyumbani na chungu cha majani yanayofuka. Alizunguka kila chumba akisali, akakitoa kile kiti nje na kukichoma. Chakula cha jana kilikuwa bado mezani. Sahani ilikuwa imejaa maji hadi ukingoni, na ndagala walikuwa wakiogelea. Generose aliyamwaga mbali bila kuyatazama.

"Mu nyumba nimeifukuza," alisema. "Mu mupunga siwezi, kule njo kwayo. Weye, lile jina usilitaje tena, hata mu sala. Na ikikuita na sauti yake, usiitike. Hata ilie. Unaskia? Hata ilie."

Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa, na ilikuwa chungu. Wanakijiji waliokuwa wakimwita Papa Kaneza walitakiwa kuacha, wakaanza kumwita Muzee Gratien, na kila mara alichelewa kugeuka. Katika misa alimwombea "yule mutoto" na kutumaini kwamba Mungu anaelewa. Jioni mpunga ulimwita, "Papa? Papa, niite," na yeye aliziba masikio kwa vidole, akahisi moyo wake unapasuka, maana sauti ilikuwa ile ile iliyomwita tangu ilipojifunza kusema.

Kaneza mwenyewe alipokuja kumsalimia na kuelezwa, alicheka kwanza, halafu akaona uso wa baba yake akaacha.

"Sawa, Papa. Minye nikikuya, sitaita. Nitapiga simu mbele, ukiwa ku ulingo, na nikifika nitagonga bati ya dirisha. Ile haina simu, haiko vile?"

"Haina."

"Na haiogopi polisi?" Akamkumbatia. "Usilie, muzee wangu. Iko kazi tu. Batu balime, minye nilinde."

Mpunga ulipoanza kugeuka rangi, habari njema ilikuja: Kaneza amehamishiwa Luvungi, kwenye barrière, kizuizi cha polisi cha barabara kuu, karibu kabisa na nyumbani. Gratien alifurahi mpaka akamnunulia Generose mtetea mzima wa kutaga kwa shukrani. Alihesabu hatari imepungua. Mtoto akipatwa na jambo, angalau atakuwa na mahali pa kukimbilia.

Jioni moja ya mvua risasi zililia upande wa Luvungi, nyingi, kisha zikanyamaza. Generose alikuwa amekuja kujikinga mvua kwa Gratien. Mzee alikwenda hadi ulingoni na turubai kichwani, akapiga simu ya binti yake. Iliita, iliita, haikupokelewa. Alirudi ameloa, akakaa karibu na moto, meno yakigongana.

Giza lilipoingia, sauti ikaja kutoka upande wa mfereji.

"Papa."

Gratien alisimama. Generose akamshika mkono.

"Kaa."

"Papa. Papa we."

"Leo haisemi niite," Gratien alinong'ona. "Skia, Generose. Haisemi niite."

"Imejifunza. Iko mwerevu. Kule ku ulingo simu yako ililia?"

"Hapana."

"Bati ya dirisha iligonga?"

"Hapana."

"Basi, njo ile kintu. Kaa, shemeji. Sali."

Walipiga magoti, Generose akaongoza rozari kwa sauti ya chini, na nje mvua ilikuwa ikipiga mabati na sauti ilikuwa ikipita katikati ya mvua, mara karibu mara mbali, ikisema Papa niko na baridi, ikisema Papa leta tochi, ikisema mguu, Papa, mguu wangu, na Gratien alijibu Salamu Maria huku machozi na kamasi vinamshuka, akajiambia kwamba ile kitu haijawahi kusikia baridi, akajiambia kwamba Generose anajua, akajifinya paja ili asiinuke, na vidole vya Generose viliingia katika nyama ya mkono wake mpaka sauti ikapungua, ikawa ya mtoto mdogo anayelalamika usingizini, kisha mvua ikabaki peke yake.

"Umeishinda," Generose alisema. Uso wake ulikuwa umejaa jasho.

Asubuhi watu wa kwanza kwenda mashambani walimkuta Kaneza kwenye ukingo wa mfereji, mahali njia inapopanda kwenda nyumbani kwao. Risasi ilikuwa imempata pajani kule kwenye barrière. Simu ilibaki katika kibanda cha polisi. Alikuwa amejifunga mguu kwa mkanda wake, akatembea kwa kufuata mifereji, njia aliyoijua tangu utoto, na alipoishiwa nguvu akatambaa. Alama za viwiko vyake zilikuwa kwenye matope. Kama angefika dirishani angegonga bati, kama walivyopatana.

Gratien alipofika, watu walimpisha. Alipiga magoti, akamfuta matope usoni kwa ncha ya shati lake, akamrekebishia kola. Generose alikuwa nyuma yake, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Nilikuskia," Gratien alimwambia mtoto. "Nilikuskia, mama. Nilikuskia."

Kisha lile jina alilolizuia mdomoni msimu mzima likamtoka. Halikutoka kwa kunong'ona. Aliliita kama baba anavyomwita mtoto aliye mbali shambani.

"Kaneza!"

Mpunga uliokomaa ulitikisika, ingawa hapakuwa na upepo.

"Karame, Papa."

Watu walikimbia. Walitupa mabati na mapanga, mwanamke mmoja akaacha kiatu chake mferejini, na Generose aliwafuata akimpigia shemeji yake kelele aondoke, aje, asigeuke. Gratien alibaki pale, kichwa cha binti yake mapajani. Alijua ni nini kilichoitika. Alijua vizuri kuliko wote. Lakini ilikuwa sauti yake, nzima, haina baridi wala maumivu, na hapakuwa tena na mahali pengine duniani pa kuisikia.

Akapangusa machozi, akaugeukia mpunga, akaita tena.