Msaidizi Anayeamka na Kompyuta

Nyumba ya Mzee Parkesian iko Nangara, mjini Babati. Asubuhi pale huanza kwa kelele. Mbuzi wanataka kufunguliwa. Kuku wanagombania pumba. Mkewe, Naimutie, anapuliza moto wa chai huku akimwita huyu na kumtuma yule. Kelele ya mwenye nyumba ndiyo haipo tena.

Zamani hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Mzee Parkesian alikuwa mnadi wa ng'ombe. Alitoka Simanjiro akiwa kijana, akazunguka minadani, na sauti yake ilijulikana kabla ya uso wake. Watu walisema akinadi dume Babati mjini, mnunuzi aliyeko Bonga anaingiza mkono mfukoni. Waliongeza chumvi, lakini si nyingi.

Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa ganzi. Ulimi ukawa mzito na maneno hayakutoka. Akili haikuguswa hata kidogo. Alisikia kila kitu na kukumbuka kila kitu, ila hakuweza kujibu. Mtu aliyezoea kusema na uwanja mzima sasa alinyoosha kidole kuomba maji. Mimi sijui kama kuna jambo linalouma kuliko hilo.

Nafuu ililetwa na jirani. Jina lake ni Dorika, lakini mtaani wanamwita Mama Goodness. Anafundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini. Aliwatafutia kompyuta iliyotumika, akaiwekea Linux, mfumo unaopatikana bure na unaokubali hata mashine za zamani. Halafu akaweka ndani yake msaidizi wa kuandika.

Msaidizi huyo si mtu, ni programu. Mzee akibonyeza herufi moja au mbili, msaidizi anamletea orodha fupi ya maneno, pale pale chini ya maandishi. Mzee anachagua neno kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Neno zima linakaa mahali pake. Kwa njia hiyo mtu mwenye kidole kimoja kizima anaweza kuzungumza.

Siku ya kwanza Mzee Parkesian aliandika maneno matatu: "Chai haina sukari." Wote walicheka. Naimutie alicheka, kisha akalia, kisha akaenda kuongeza sukari.

Tangu siku hiyo kompyuta ikawa juu ya meza ya sebuleni, na mzee akawa na la kusema. Aliuliza habari za mbuzi. Aliuliza kama mvua imefika Kiteto. Na kila jioni, giza lilipokaribia, aliandika swali lile lile: "Nataana amerudi?"

Nataana ni binti yake mkubwa. Anafanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa nakala, karibu na stendi. Swali lile lilimchosha kidogo. Alikuwa mtu mzima, na bodaboda wa kumrudisha nyumbani hawakukosekana. Alikuwa akiliona kwenye kioo cha kompyuta akiingia, anasema, "Nimerudi, Baba," na kupita zake jikoni.

Mwaka huu Nataana alipata mchumba, kijana wa Bonga anayeitwa Ludovick. Wazee wa Ludovick walituma habari kwamba watakuja Jumamosi asubuhi, kusikia neno la baba.

Hapo ndipo Sankok alipoanza kuja kunywa chai kila siku. Sankok ni mdogo wake Mzee Parkesian, kwa hiyo kwa Nataana ni baba mdogo. Alisema kaka yake hawezi kusema mbele ya wageni, na kwamba yeye ndiye atakuwa mdomo wake. Nataana alijua mdomo huo ungesema nini. Sankok alikuwa ameshaanza kutaja ng'ombe wa mahari, na kila kikombe cha chai kiliwaongeza. Alisema pia kwamba binti akiolewa, mambo ya duka yataisha.

Mzee Parkesian alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika: "Nitasema mwenyewe."

Nataana akapumua. Alimwamini baba yake. Hakujua baba yake atasema nini, lakini alijua hatatumia mdomo wa mtu mwingine.

Ijumaa jioni, baba yake alipokwisha kulala, Nataana aliiwasha kompyuta kuitazama. Ilichelewa kuwaka. Aliona aibu kuwafikiria wageni wameketi wakitazama kioo cheusi. Akafanya kama anavyofanya kazini mashine zikiwa nzito. Alifungua orodha ya programu zinazoanza zenyewe kompyuta ikiwashwa. Kila programu ilikuwa na jina na swichi pembeni. Zile ambazo hakuzitambua majina, alizizima zote. Aliizima kompyuta, akaiwasha tena. Iliwaka haraka. Alienda kulala ameridhika na kazi yake.

Asubuhi Mzee Parkesian alivaa lubega yake nyekundu, akaketi mezani. Akabonyeza herufi moja. Orodha haikuja. Akabonyeza ya pili. Haikuja. Akajaribu kuandika herufi moja moja. Kidole kilitetemeka, herufi zikajirudia, akafuta, akaanza upya. Chai ilipoa kabla hajamaliza "Karibuni". Akashusha mkono, akamtazama binti yake.

Nataana alielewa mara moja kwamba ni yeye. Sankok, aliyekuwa ameshafika na viatu vya kung'aa, alisema kwa upole mwingi kwamba ndiyo maana alijiandaa.

Nataana alivuta kibodi. Alifungua ile orodha na kuwasha swichi zote. Akabonyeza herufi. Hakuna kilichokuja. Ndipo akavuta kanga begani na kukimbilia kwa jirani.

Mama Goodness alikuwa akifua. Nataana akamwamkia, akaitikiwa, kisha akaeleza yote bila kuficha. Mama Goodness aliikamua nguo iliyokuwa mkononi, akaianika, akafuatana naye. Hakuonekana kuwa na wasiwasi, na Nataana alitamani kumsukuma atembee haraka.

Mama Goodness alipoketi mbele ya kompyuta, hakugusa kitu kwanza.

"Nyumba yenu inaamkaje asubuhi?" aliuliza.

Nataana alishangaa. Alisema mama anawasha moto, mdogo wake anafungua mbuzi, yeye anafagia.

"Nani huwaambia?"

"Hakuna. Kila mtu anajua kazi yake."

"Basi kompyuta haijui," Mama Goodness alisema. "Ikiwashwa, inasoma orodha hii. Kila mstari wa orodha ni amri moja: mwamshe fulani. Msaidizi wa Baba alikuwa na mstari wake. Wewe jana uliufunga, kwa hiyo leo hakuamshwa. Hukumfukuza. Yumo humu, amelala."

Naimutie, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, alisogea karibu.

Mama Goodness alimwonyesha Nataana mstari wenyewe. Jina lililoandikwa pale lilikuwa "ibus" tu. Alibofya ili waone ndani. Palikuwa na nafasi ya jina, nafasi ya maelezo, na nafasi ya amri. Nafasi ya maelezo ilikuwa tupu. Kwenye amri yalikuwapo maneno machache tu ya kompyuta, na la kwanza lilikuwa "ibus-daemon".

Nataana aliyatazama maneno yale. Yote yalienea katika nafasi isiyozidi urefu wa kidole chake. Sauti ya baba yake ilikuwa imening'inia hapo. Alishindwa kuondoa macho.

"Hicho tu?" aliuliza.

"Hicho tu. Ila kinachofuata ndicho cha ajabu." Mama Goodness aligusa kibodi. "Baba akibonyeza herufi, haiendi moja kwa moja kwenye kioo. Inapita kwanza kwa msaidizi. Msaidizi anaishika, anafikiri Baba anataka neno gani, anamletea achague. Wanaoandika Kichina wanatumia njia hiyo hiyo. Maneno yao ni maelfu na maelfu, na kibodi ni hii hii. Na msaidizi huyu anajifunza. Neno unaloliandika mara nyingi, anaanza kulileta mbele ya mengine."

Naimutie alishusha mwiko. Hata Sankok aliacha kunywa chai.

Nataana akasema kwamba swichi ameshaiwasha, mbona msaidizi haji. Mama Goodness akamweleza kwamba orodha husomwa mara moja tu, mtu anapoingia kwa neno la siri. Kuwasha swichi ni kuandika amri ya safari ijayo. Tena dirisha la programu lililofunguliwa msaidizi akiwa amelala huenda lisijue kwamba ameamka. Dawa ni kufunga madirisha yote, kutoka, na kuingia upya.

Kabla ya hapo aliona kitu kingine. Katika haraka yake, Nataana alikuwa amewasha hata swichi ya msaidizi wa pili, ambaye Mama Goodness alimjaribu mwanzoni kisha akamzima. Wasaidizi wawili wakiamka pamoja watagombania herufi. Akamzima huyo wa pili, akaacha ibus peke yake.

"Sasa toka, uingie," alisema.

Nataana alitoka. Kioo kikawa cheusi. Akaandika neno la siri, akaingia. Mzee Parkesian alisogeza kiti, akanyoosha kidole cha kushoto, akabonyeza K. Chini ya herufi ile orodha ilifunguka, na neno "Karibuni" lilikuwa la kwanza.

Naimutie aliweka mkono mdomoni. Alikuwa ameiona orodha ile mara nyingi, lakini leo aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa mbegu ikichipua. Nataana machozi yalimlengalenga.

Alianza kuomba radhi. Mama Goodness alikataa kuichukua yote. Alisema kosa wamegawana, kwa sababu yeye aliweka mstari wenye jina lisiloeleweka na hakuandika maelezo. Alimwambia Nataana aandike sasa. Nataana akafuta jina la zamani, akaweka "Msaidizi wa Baba wa kuandika". Kwenye maelezo akaandika: "Usizime. Baba anasemea hapa." Amri yenyewe hawakuigusa.

"Kupunguza vinavyoanza si vibaya," Mama Goodness alimwambia. "Lakini soma jina, soma maelezo, soma amri. Usichokijua, uliza. Ukizima, zima kimoja, toka, ingia, halafu tazama kama kila kitu kinafanya kazi. Ukizima vyote kwa pamoja, utajuaje ni kipi kilichokuumiza?"

Muungurumo wa bajaji ukasikika nje. Wageni wa Bonga walikuwa wamefika.

Mzee Remigius, baba mkubwa wa Ludovick, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Waliketi, wakapewa chai, wakaulizana habari za njia na za mahindi. Ludovick alikaa pembeni na kuitazama sakafu. Kisha Mzee Remigius akaeleza walichokuja kutafuta, kwa maneno mazuri na marefu.

Sankok alikohoa, akasimama. Mzee Parkesian akainua mkono wa kushoto. Ulikuwa mkono uleule aliokuwa akiuinua mnadani kunyamazisha uwanja. Sankok akaketi.

Nataana alikigeuza kioo kidogo ili wageni waone. Herufi moja, orodha, neno. Herufi moja, orodha, neno. Naimutie alisoma kwa sauti kadiri maneno yalivyokuja.

"Karibuni nyumbani kwangu."

Wageni waliitikia. Mzee Remigius alisogeza kiti mbele na kuvaa miwani.

"Nimenadi ng'ombe maisha yangu yote," Naimutie alisoma. Alisubiri. "Binti sinadi."

Sankok aliangalia ndani ya kikombe chake kama kuna kitu kilichoangukia humo.

Mzee Remigius aliuliza taratibu, kwa heshima, kwamba basi wao warudi Bonga na jibu gani.

Mzee Parkesian aliandika: "Mwulizeni". Kisha akabonyeza herufi moja zaidi, N kubwa. Orodha ikafunguka. Kwenye mstari wa pili palikuwa na "Naimutie". Wa tatu palikuwa na "Ng'ombe". Na juu ya yote, kabla mzee hajagusa herufi nyingine, palikuwa pameandikwa "Nataana".

Mzee Remigius alishangaa mashine imejuaje jina la binti. Mama Goodness, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alimjibu kwamba haikujua yenyewe.

"Inaleta mbele neno ambalo mwenyewe huliandika mara nyingi."

Nataana alilitazama jina lake. Akakumbuka jioni zote zile, na swali aliloliona kwenye kioo akipita kwenda jikoni. Alidhani baba anauliza tu. Kumbe katika maneno yote ambayo kidole kile kilihangaika kuyaandika, hakuna lililozidi hilo.

Mzee Parkesian alilichagua. Kisha akamgeukia binti yake, akangoja.

"Namkubali Ludovick," Nataana alisema. "Na kazi yangu nitaendelea nayo."

Ludovick aliinua macho kutoka sakafuni na kusema kwamba ndivyo walivyokubaliana. Mzee Remigius alivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Sasa Nataana anakaa Bonga na mume wake. Dukani, kila mashine anayoihudumia ina maelezo kwenye orodha ya vinavyoanza, na hazimi kitu kabla ya kusoma. Anapokuja Nangara anafungua orodha ya baba yake na kuangalia swichi, hata kama anajua iko sawa. Kompyuta bado inachelewa kidogo kuwaka, na hakuna anayeisukuma.

Jioni giza linapokaribia, Mzee Parkesian huketi mezani, akagusa herufi ileile moja. Jina linalokuja kwanza halijabadilika.