Rangi Mpya ya Cherehani ya Bibi

Basi halijasimama vizuri stendi, wapagazi walikuwa wameshalivamia. Mmoja alikwea juu ya keria kama paka, akaanza kufungua kamba za mizigo bila kuuliza upi wa nani.

"Taratibu, kaka! Hiyo ni cherehani, si gunia la mkaa!"

Aliyepiga kelele ni msichana aliyevaa gauni jeusi, jipya siku ya mazishi, sasa limekunjamana kwa safari. Kichwa cha cherehani alikuwa amekipakata njia nzima, kimeviringishwa kwenye shuka, utadhani mtoto mchanga. Miguu yake ya chuma ndiyo ilikuwa juu ya keria. Na mpagazi, kwa kutaka kujionyesha, aliinyanyua kwa mkono mmoja.

Ikamponyoka.

Msichana alifumba macho. Alipoyafumbua, miguu ile ilikuwa imedakwa na kijana mrefu, mwembamba, mwenye madoadoa ya rangi hadi kwenye nyusi. Ncha ya chuma ilikuwa imenasa kwenye mfuko wa shati lake la drafti na kulichana mpaka kiunoni.

"Pole, kaka yangu! Umeumia?"

"Mimi mzima. Majeruhi ni shati." Aliiweka miguu chini, akajitazama. "Lakini Mungu si Athumani. Shati limechanika mbele ya mtu mwenye cherehani."

"Mimi sijui kushona."

Kijana akamtazama yeye, akaitazama cherehani, akamrudia yeye. "Dada, umesafiri na chuma chote hiki na hujui kushona? Hiyo si sawa na kununua ngoma wakati huna mikono?"

"Nimeirithi. Ya bibi yangu. Tumemzika juzi."

Utani ulimtoka usoni mara moja. "Nisamehe. Pole sana kwa msiba." Kisha, kwa sauti ya chini, akasema, "Mimi nimekuja kuchukua makopo ya rangi. Nina pikapu ya gereji. Niambie unakaa wapi."

Njiani alijitambulisha kwamba yeye ni fundi wa kupiga rangi magari, na gerejini wanamwita Msasa, kwa sababu hapaki rangi mpaka amelisugua gari likaomba po. "Na wewe?"

"Nyumbani wananiita Kifungo. Nilipokuwa mdogo nilimeza kifungo cha bibi, nyumba nzima ikakesha."

"Kifungo?" Msasa alikaza macho barabarani, lakini shavu lilimcheza. "Cha maisha, au cha nje?"

Kifungo, ambaye tangu msibani hakuwa amecheka, alicheka mpaka akaona aibu, akalikumbatia shuka lake.

Walikuwa wakiishi wawili, yeye na mama yake, ghorofa ya juu ya nyumba iliyokuwa karibu na kiwanda cha sabuni. Cherehani iliwekwa sebuleni, chini ya dirisha. Ilikuwa ya kukanyaga, nyeusi, na mwili wake ulizungukwa na maua ya dhahabu. Ila upande wa kushoto wa sindano hapakuwa na ua. Hapo ndipo bibi alipokuwa akiegemeza kiganja akisukuma kitambaa, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka maua yakafutika, na weusi ukafutika, kikabaki chuma kitupu, laini kama kijiwe cha mtoni.

Kifungo alikuwa mpokezi kwenye kliniki ya macho. Akirudi kazini, hata viatu hajavua, alikwenda kuweka kiganja chake pale. Akilini ilimrudia saruji ya baridi aliyokuwa akilalia utotoni, chini ya cherehani hiyo, na miguu ya bibi isiyo na viatu ikikanyaga, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na gurudumu likimpepea usoni hadi usingizi umchukue.

Mama yake yeye hakuigusa. Aliipita kama mtu anavyompita jirani waliyegombana. Kifungo alidhani anajua sababu: bibi alimruka binti yake akamrithisha mjukuu. Jambo hilo lilimuuma, lakini hakuthubutu kulitaja.

Msasa alikuja kudai shati lake.

"Nimelishona," Kifungo alisema, akalificha mgongoni. "Lakini usicheke."

Msasa alilivaa palepale. Mfuko ulikuwa umepanda upande mmoja na kushuka upande wa pili.

"Mbona mfuko wangu umenuna?"

"Nimekwambia usicheke!"

"Sicheki. Nauliza umeuudhi nini."

Tangu hapo akawa mtu wa kuja. Alileta mafuta ya cherehani, akabadilisha mkanda uliokauka, akakaa kwenye kigoda akimtazama Kifungo akijifunza: kwanza foronya, halafu sketi, halafu gauni. Uzi ulikatika, sindano zikavunjika, na kila sindano iliyovunjika Msasa aliitolea rambirambi. Siku ambazo hakuja, simu ililia.

"Umeshindaje, Kifungo changu?"

"Chako tangu lini?"

"Tangu nihukumiwe."

"Rufaa hukati?"

"Nikate rufaa nikose jela tamu hivi? Nina wazimu?"

Jioni moja kwenye simu, Kifungo alikuwa akifuta vumbi kwenye cherehani huku anaongea. "Unajua, Msasa, ninatamani ningeiona siku ile bibi alipoipata. Alisema ilikuwa inang'aa mpaka majirani wanakuja kujitazama humo kama kioo."

"Kweli unatamani?"

"Sana."

Baada ya siku chache aliona ufa kwenye mguu mmoja wa chuma. Akamwomba Msasa aipeleke gerejini wakaichomelee. Msasa alikubali upesi mno. Akakaa nayo, kila akiulizwa anasema, "Mambo mazuri hayataki haraka, mpenzi."

Jumamosi mchana akampigia. "Njoo gereji. Vaa vizuri."

Kifungo alivaa gauni la njano, la kwanza alilolishona mwenyewe, lenye mikono mifupi na kiuno kilichobana kidogo kuliko alivyokusudia. Gerejini mafundi walikuwa wamejipanga, wamenawa mikono, wanatabasamu kama watu wa harusi. Katikati, chini ya shuka jeupe, kilisimama kitu.

Msasa alilivuta shuka.

Cherehani iling'aa. Ilikuwa nyeusi kama gari lililotoka kiwandani, na maua ya dhahabu, ambayo Msasa aliyachora kwa mkono wake, petali kwa petali, yalitambaa pande zote bila kuruka hata sehemu moja. Mafundi wakapiga makofi. Mmoja akapiga mluzi.

Kifungo alisogea. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kushoto kwa sindano. Uligusa ua.

"Pale mahali pamekwenda wapi?"

"Mahali gani, mpenzi?"

"Hapa. Palipokuwa pamekwanguka."

"Aa, hapo!" Msasa alisema kwa fahari. "Hapo palinipa kazi. Nimepiga msasa pote, nikaweka praima, kisha rangi mara tatu. Huwezi kujua kama paliwahi kuwa na kasoro."

"Umemfuta bibi."

"Nini?"

"Mkono wake ulikuwa hapa, Msasa. Hapa! Umemfuta."

Makofi yalikufa. Kompresa ya kupulizia rangi peke yake iliendelea kunguruma kwenye kona.

"Lakini uliniambia mwenyewe," Msasa alisema, na madoa ya rangi usoni mwake yakaonekana zaidi kwa jinsi alivyopauka. "Ulisema unatamani kuiona inang'aa."

"Nilitamani! Kwani kila ninachokitamani ninakitaka?"

"Sasa ningejuaje? Hukuwahi kuniambia habari ya mkono."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimchoma kuliko rangi yenyewe. Na mtu akichomwa na ukweli hutafuta wa kumrudishia. "Ipelekeni nyumbani," aliwaambia mafundi. "Wewe usije. Usinipigie."

Msasa alipiga. Alipiga asubuhi, alipiga mchana, akatuma salamu kwa watu. Kifungo aliitazama simu ikilia mpaka inanyamaza. Hatimaye ikaacha kulia, naye akagundua kwamba kimya alichokiomba ni kizito kuliko kelele. Alipokutana na fundi mmoja wa gereji dukani akaambiwa, bila kuuliza, kwamba Msasa amepata kazi mji mwingine, kwenye kampuni ya mabasi, na ameshaondoka.

"Hata kuaga?" ulimi ulimteleza.

"Shemeji, angemuaga nani?"

Cherehani ilikaa chini ya dirisha, imefunikwa kwa shuka.

Jumapili moja mama yake alitoka chumbani na gauni la zambarau mkononi, akaliondoa lile shuka kwa mkono mmoja kama mtu anayefunua sufuria.

"Nipunguzie hili. Nimekonda tangu msiba."

"Mpelekee fundi, mama."

"Fundi si huyu hapa anayenuna? Kaa."

Kifungo hakukaa. "Siwezi kushona nayo. Si ile ya bibi tena."

Mama alivuta kigoda, akakaa yeye. Aliipitishia macho ile cherehani juu mpaka chini.

"Unajua kwa nini mimi sikuwa nayo?"

Siku zote Kifungo alikuwa akilikwepa jambo hilo, na sasa limemjia lenyewe. "Kwa sababu bibi alinipa mimi. Mama, mimi sikumwomba..."

"Alinipa mimi kwanza. Nikakataa."

"Ulikataa?"

"Wewe ulimjua bibi yako amezeeka. Kazi imepungua, ana muda wa kukusimulia hadithi. Ulilala miguuni pake ukapepewa. Mimi, mwanangu, nilimjua mgongo. Nikimwita, 'Mama,' ananiambia, 'Ngoja nimalize mshono huu.' Na mshono una mwisho? Alitulisha kwa cherehani hii, alitusomesha, sina la kumlaumu. Lakini wewe unasikia upepo, mimi nasikia kelele."

Kifungo akaketi sakafuni.

"Sasa nakuona unalilia mahali mkono wake ulipogusa chuma," mama aliendelea. "Mimi huo mkono ningetaka ungenigusa mimi. Amekwenda nao. Hakuna rangi ya kuurudisha wala ya kuufuta. Na kijana wa watu ana mikono miwili mizima, iko hai, amekaa na petali moja moja ili ufurahi, umemfungia mlango."

"Alikosea, mama."

"Alikosea ndiyo. Mtu asiyekupenda hakosei hivyo, haoni hata sababu ya kujisumbua."

Honi ya kiwanda cha sabuni ikalia, ikakoma. Kisha Kifungo akanyanyuka, akachukua pini. Alimsimamisha mama yake mbele ya dirisha katika lile gauni la zambarau, akamzungushia mikono kiunoni kupima. Kiuno kilikuwa kimepungua kweli. Hakuitoa mikono. Akaegemeza shavu mgongoni kwa mama, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatiwa, alisimama akiishika ile mikono ya bintiye kwa nguvu.

"Utanichoma na pini," alisema baadaye.

"Nimeshazitoa."

Alilishona gauni alasiri hiyo. Mwanzoni alikanyaga kwa kusitasita. Kisha mwendo ukaja wenyewe, mbele na nyuma, na mlio ukajaa sebule, uleule wa utotoni, haujabadilika hata chembe. Alipomaliza, mama alijigeuza mbele ya kioo mara mbili, akasema, "Fundi hodari. Sasa piga simu."

Ililia muda mrefu. Hakuna aliyepokea. Kifungo aliiweka mezani, akasema moyoni maji yameshamwagika. Aliokota vipande vya uzi sakafuni, kimoja kimoja, ili apate la kufanya. Simu ikalia.

"Halo. Ni mimi," alisema mbio.

"Najua ni wewe." Nyuma ya sauti ya Msasa palikuwa na milio ya nyundo na mabati. "Namba yako haijatoka humu. Kufuta nimeacha."

Kifungo alicheka, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko. "Msasa, nisamehe. Nilikuonea mbele ya wenzako. Hukujua, na mimi sikukwambia."

"Na mimi nilipaswa kuuliza. Ufundi unaniponza, nikiona kilichokwaruzika mkono unaniwasha. Kifungo, ningeupata ule mkono wa bibi yako popote duniani ningeurudisha."

"Hautarudi. Achana nao." Alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha zambarau. "Njoo wewe. Njoo nyumbani, mama anataka kukuona."

"Kwa mama?"

"Ndiyo, kwa mama. Jumapili."

"Nije kwa mama," alirudia polepole, kama mtu anayepima kitu kabla ya kukikata. "Sawa. Nimesikia."

Jumapili ikafika. Mama alivaa gauni lake la zambarau, Kifungo akavaa la njano, akiwa amekilegeza kiuno. Hodi ikabishwa. Alipofungua mlango alimkuta Msasa amenyoa, amesuguliwa mpaka nyusi, na suruali ina pasi ya kukata nyanya. Kando yake alisimama mama mmoja mnene, mwenye kilemba kirefu na mkoba mkononi, anahema kwa ngazi.

"Shangazi yangu," Msasa alisema. "Aliyenilea."

"Shikamoo, shangazi." Kifungo alimsogelea Msasa sikioni. "Sikukwambia uje na shangazi!"

"Uliniambia nije kwa mama. Mtu anakwendaje kwa mama wa watu peke yake?" Kisha uso wake ukaingiwa na hofu. Alirudi nyuma hatua moja, mpaka ukingoni mwa ngazi. "Kifungo, safari hii nauliza kabla sijagusa kitu. Nilisikia sivyo? Ukisema sivyo, shangazi atapumzika kidogo, atakunywa maji, tutaondoka na amani."

Shangazi aligeuza macho kwa mmoja, akayageuza kwa mwingine. "Kwani hamjakubaliana? Ngazi zote hizi?"

Kutoka ndani mama aliita, "Ni akina nani hao mlangoni?"

Kifungo aliushika mkono wa Msasa. Kucha zilikuwa bado na rangi ya mabasi, bluu, ambayo sabuni zote za dunia zilikuwa zimeshindwa kuitoa.

"Ni wageni wetu, mama," alijibu, akimvuta Msasa ndani. "Wamesikia vizuri."