Nusu Nukta

Kila Jumamosi asubuhi, akishakamua ng'ombe na kufagia uwanja, Germana alichukua simu ya mama yake na kwenda kwenye jiwe lililo ng'ambo ya korongo. Aliisimamisha simu juu ya jiwe, akapiga picha moja, akarudi nyumbani. Pichani zilionekana nyumba yao, mti mkubwa wa mgrivea, mwamba ulio nyuma ya nyumba, na kaburi la baba yake lenye msalaba mweupe, karibu na ukingo.

Mama yake, Selestina, aliogopa kwamba ardhi ilikuwa ikiteleza, na kwamba masika yakifika, korongo lingemchukua marehemu. Baba mdogo Piusi hakuamini. "Shemeji, shamba hili nimelilima tangu utotoni. Halijawahi kusogea," alisema. Kumhamisha mtu kaburini si jambo dogo, hivyo wakakubaliana kusubiri picha za Germana.

Germana mwenyewe hakuogopa, wala hakuhuzunika. Tangu mazishi, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Alikula alipoambiwa kula, akalala alipoambiwa kulala. Shangazi zake walinong'ona kwamba mtoto huyu hajatoa hata chozi.

Shuleni, Mwalimu Muksini wa sayansi aliwafundisha kulinganisha picha kwa kompyuta.

"Picha ni nukta nyingi ndogo," alieleza. "Simu haikai vilevile kila mara, kwa hiyo kwanza tunazilaza picha moja juu ya nyingine. Ionyesheni kompyuta vitu visivyosogea, ishike hapo. Ikipima mwanga wa kila nukta na wa jirani zake, itatambua hata kitu kilichosogea chini ya nukta moja."

Germana alileta picha zake za Jumamosi, akachagua kaburi kuwa kitu kisichosogea. Ni nini kingine kilichotulia kuliko kaburi? Aliweka alama kwenye msalaba na kwenye pembe za saruji. Jibu likaja: nyumba imepanda mlima nusu nukta, mgrivea nao vivyo hivyo. Nyumba haipandi mlima, kwa hiyo aliona amekosea, lakini hakuwa na hamu ya kuanza upya. Jioni alimwambia mama yake, "Hakuna kilichosogea." Baba mdogo akaridhika.

Wiki iliyofuata nyumba ilizidi kupanda. Mwalimu Muksini akasimama nyuma ya kiti chake.

"Germana, nyumba yenu inakwenda wapi?"

"Sijui, mwalimu. Nimekosea mahali."

"Na nyumbani umewaambia nini?"

Germana aliinamisha kichwa. "Kwamba hakuna kilichosogea. Nilitaka tu yaishe."

Mwalimu hakugomba. Alivuta kiti, akaketi. "Alama zako umeziweka wapi?"

"Kwenye kaburi la baba. Lenyewe halisogei."

Mwalimu alionyesha skrini kwa kidole. "Hebu ziweke kwenye nyumba, mti na ule mwamba."

Germana akafanya hivyo. Nyumba ikatulia. Mti ukatulia. Kaburi ndilo lililokuwa likiteremka kuelekea korongoni.

Aliutazama ule msalaba kwa muda. "Baba anaondoka," alisema, na ile ganzi ikaachia. Ilimuuma. Alilia palepale mbele ya kompyuta mpaka kola ya sare yake ikalowa, na mwalimu akamwacha alie.

Jioni aliwaonyesha mama na baba mdogo picha zote. "Niliwadanganya," alisema. "Niliona jibu halijakaa sawa, nikanyamaza."

Baba mdogo aliziangalia picha kwa muda mrefu. Kesho yake alikwenda kuomba kibali kijijini, kisha akamwita padri. Marehemu akahamishiwa juu, kando ya mwamba.

Masika yalipoanza, mvua ya kwanza ilibomoa ukingo wote, pamoja na mahali lilipokuwa kaburi. Germana na mama yake walisimama mlangoni wakitazama udongo mwekundu ukienda na maji.

"Mwanangu," mama alisema, "kukosea si jambo la kumficha mtu. Jambo usipolielewa, sema hulielewi, tulitazame pamoja." Akamvuta karibu, akamfunika kwa khanga yake. "Na ukitaka kumlilia baba yako, usinifiche pia. Hata mimi bado namlilia."